Vyombo vyangu vimefika Mombasa, lakini kampuni ya kuhamisha nyumba imevizuia hadi niongeze pesa

Mwalimu_wa_Bamburi ameuliza:

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupitia jambo kama hili, au anayeijua kazi ya usafirishaji kwa ndani, kwa sababu majirani zangu wapya wamegawanyika: kuna wanaosema nilipe yaishe, na kuna wanaosema nisitoe hata shilingi moja.

Nimehamishwa kikazi kutoka Nairobi kuja Mombasa. Nilipata kampuni ya kuhamisha nyumba kupitia tangazo la mtandaoni, nikawatumia picha za kila chumba pamoja na orodha ya vyombo, nao wakanijibu kwa maandishi kwamba kuhamisha nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kutoka ghorofa ya tatu Umoja hadi nyumba ya chini huku Bamburi, kutagharimu shilingi 48,000, kazi ya kufungasha, kupakia na kushusha ikiwa imo. Bei hiyo iliandikwa kwenye karatasi yenye jina la kampuni na muhuri. Nililipa nusu yake, yaani 24,000, kwa M-Pesa, na karatasi yenyewe inasema kwamba nusu iliyobaki italipwa vyombo vikishashushwa mlangoni.

Gari lililokuja siku ya kupakia si lile lililokuwa katika picha za tangazo. Lilikuwa lori la ekseli mbili lisilo na jina lolote ubavuni, na ndani mlikuwa tayari mna magunia ya viazi ya mtu mwingine. Nilipouliza, niliambiwa kwamba viazi vitashushwa Kongowea kwanza, na kwamba jambo hilo lisinitie wasiwasi kwa kuwa bei yangu haibadiliki. Vyombo vikapangwa juu ya magunia na kando yake, nami nikaahidiwa kuvipokea asubuhi ya siku ya pili.

Havikufika. Simu ya ofisini haikupokewa, kisha ikazimwa, na ilipopatikana tena niliambiwa kwamba mzigo umezidi uzito, kwamba lori limetozwa faini kwenye mizani ya Mariakani, na kwamba lazima nilipe shilingi 22,000 za ziada pamoja na salio lote kabla ya kitu chochote kushushwa. Nilipokataa, vyombo vilipelekwa kwenye yadi moja huko Miritini, na sasa wanadai pia shilingi 1,500 kwa kila siku ya kuvihifadhi. Nilikwenda mwenyewe. Sikuruhusiwa kuingia, lakini kupitia langoni niliona friji imelazwa ubavu na godoro limeegemezwa ukutani bila turubali, na mvua ya huku hainyeshi kwa kubisha hodi.

Dereva, ambaye kusema kweli alizungumza nami kwa adabu kuliko watu wa ofisini, ananiambia kwamba yeye si mfanyakazi wa kampuni hiyo. Alikodiwa Nairobi, akaahidiwa 35,000, akapewa 15,000 za mafuta, na hautoi mzigo mpaka aone 20,000 zake zilizobaki. Kampuni inasema kwamba dereva ni mwongo. Polisi waliiandika taarifa yangu katika kitabu cha matukio, wakanipa nambari ya OB, kisha ofisa akanieleza kwamba haya ni madai ya kimkataba na kwamba mahali pake ni mahakamani.

Je, kampuni ina haki ya kuvizuia vyombo vyangu? Nikizilipa hizo 22,000, ninaweza kuzidai baadaye? Na ikiwa friji imeharibika, ninamdai nani, kampuni au mwenye lori?

*

Dereva_Mstaafu amejibu:

Pole sana, mwalimu. Nimeiendesha barabara hiyo ya Mombasa miaka mingi, na katika maelezo yako hakuna jambo ambalo ni geni kwangu isipokuwa huyo dereva mwenye adabu.

Kwanza uelewe lori lako limetoka wapi. Shehena nyingi katika barabara hii hupanda, haziteremki. Bidhaa hutoka bandarini kwenda bara. Saruji hutoka pwani, chumvi hutoka huko Gongoni na Marereni, lakini kinachorudi kuelekea Mombasa ni kidogo kuliko kilichopanda. Kwa hiyo kila siku Nairobi kuna malori ambayo yameshashusha na yanatafuta cha kurudi nacho, hata kwa bei ya mafuta na faida kidogo, maana kurudi tupu ni hasara. Madalali wa mizigo wanalijua hilo. Mtu anafungua ukurasa mtandaoni, anaweka picha za lori zuri lenye wafanyakazi wenye sare, anachukua amana yako, kisha anakwenda kumtafuta mwenye lori anayerudi tupu au nusu tupu. Inaelekea uliyezungumza naye hana lori hata moja. Dereva amekwambia ukweli, nami naona hesabu yake inaingia akilini: dalali alitarajia kumlipa kwa pesa ambazo wewe ungelipa ukifika, kisha akaona njia ya kujiongezea.

Hadithi ya mizani sasa. Lori lenye ekseli mbili linaruhusiwa uzito wa jumla wa tani 18, gari na mzigo pamoja. Vyombo vya nyumba ya vyumba viwili hujaza nafasi lakini havina uzito wa kutisha. Kabati, vitanda, makochi, friji na masanduku ya vyombo havifiki hata tani nne. Vyombo vya nyumbani pekee haviwezi kulizidisha lori la namna hiyo. Ikiwa lilizidi, basi kilicholizidisha ni viazi, na mwenye viazi si wewe. Tena lori likitoka Nairobi hupita kwanza mizani ya Mlolongo. Lililopita Mlolongo salama haliwezi kunenepa njiani likafika Mariakani limezidi, ila kama limesimama Emali na kuongeza nyanya au vitunguu vya Kimana, jambo ambalo madereva wengi hulifanya bila kumwambia yeyote.

Waambie wakuonyeshe tiketi ya mizani. Lori linapopimwa hutolewa karatasi yenye nambari ya gari, saa na uzito wa kila ekseli. Ikiwa kweli walitozwa, karatasi wanayo. Na hata wakikuonyesha, faini ya kuzidisha uzito humwangukia msafirishaji na mwenye gari, kwa sababu wao ndio wanaopaswa kujua lori lao limebeba nini. Mimi nimewahi kukamatwa Mariakani na ekseli ya nyuma imezidi, na tajiri wangu hakuwahi hata kufikiria kumpelekea mwenye mzigo ile karatasi.

Jambo la mwisho, usigombane na dereva. Yeye ndiye anayejua vyombo viko wapi, na ufunguo wa yadi hiyo unaweza kuwa kwake kuliko kwa kampuni. Muulize kwa upole jina la mwenye lori na nambari yake ya simu, na uipige picha nambari ya gari.

*

Karani_wa_Zamani amejibu:

Nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kabla sijastaafu, kwa hiyo nitajibu upande wa sheria, nikianza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo lililobeba mengine.

Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ukiisoma utadhani aliyeiandika alikuwa amesimama langoni pa hiyo yadi. Inasema kwamba mtoa huduma akimpa mteja makadirio ya bei, haruhusiwi kumtoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana upya juu ya kazi ya ziada. Makadirio yako ni 48,000. Asilimia 10 yake ni 4,800. Kwa hiyo hata tukiwapa kila shaka wanayoweza kuipata, mwisho wao ni 52,800, ilhali wanachokitaka ni 70,000 kabla ya kuhesabu hizo pesa za yadi. Hukukubali kazi yoyote ya ziada, wala hawakukufanyia.

Sheria hiyo hiyo inakwenda mbali zaidi. Miongoni mwa matendo inayoyaita ya kumdhulumu mteja, imetaja waziwazi kitendo cha mtu kuitumia mali ya mteja iliyo mikononi mwake ili kumshurutisha akubali masharti mapya. Ndicho hicho hasa unachofanyiwa. Mteja aliyetendewa hivyo anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmodi tangu mlipoufunga, na anaweza kudai fidia.

Najua kampuni itakuja na hoja kwamba msafirishaji ana haki ya kuushikilia mzigo mpaka alipwe nauli yake. Haki ya namna hiyo ipo katika mazingira fulani, lakini inahusu nauli iliyokubaliwa na ambayo muda wake wa kulipwa umefika. Karatasi yako inasema salio hulipwa baada ya kushusha. Hawajashusha, kwa hiyo deni hilo halijaiva. Hata hivyo, waandikie leo kwamba hizo 24,000 unazo na uko tayari kuzilipa pale pale mlangoni kama mlivyokubaliana. Ukishaandika hivyo, hawatakuwa na pa kusimama wakija kusema kwamba walizuia mzigo kwa sababu ulikataa kulipa.

Ofisa wa polisi hakukosea sana kukuelekeza mahakamani, ingawa angeweza kukutajia ni mahakama gani. Ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na Mombasa nayo ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma, ya mali iliyoharibiwa, na ya kurudishiwa mali inayohamishika. Kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili, na mwamuzi habanwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha, ujumbe wa simu na ujumbe wa M-Pesa vinapokewa.

Kuhusu wa kumdai, wadai wote wawili kwa pamoja, kampuni na mwenye lori. Kampuni ndiyo uliyofunga nayo mkataba. Mwenye lori ndiye aliyekabidhiwa mali yako, na mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe hupaswa kueleza imeharibikaje ikiwa mikononi mwake. Waache wasukumane mbele ya mwamuzi, si mbele yako. Jina la mwenye lori utalipata kwa kufanya upekuzi wa nambari ya gari katika rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na usajili wa kampuni utaupata hapo hapo eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara. Usishangae ukikuta kwamba jina lililo kwenye muhuri halimo. Katika hali hiyo mshitaki mtu ambaye jina lake lilitokea ulipotuma pesa.

Kabla ya kufungua kesi, wapelekee barua ya kudai, uwape siku saba, na uhifadhi uthibitisho kwamba wameipokea.

*

Mama_wa_Mtwapa amejibu:

Ninamheshimu mzee wetu Karani, na yote aliyoyasema juu ya sheria ni kweli, lakini mimi nililipa, na leo ningelipa tena.

Nilihama kutoka Kisumu. Lori lilisimama Mazeras, nikapigiwa simu na maneno yale yale uliyoyasikia wewe: uzito, faini, ongeza. Nilikuwa na watoto wanaolala sakafuni na mashine mbili za kushonea ambazo ndizo zinazotulisha. Kila siku iliyopita bila hizo mashine ilinigharimu kuliko pesa waliyokuwa wakiitaka. Siku 60 za mahakama ni chache kwa mahakama. Kwa mtu ambaye godoro lake linanyeshewa ni nyingi mno.

Ila sikulipa kimyakimya. Kabla ya kutuma pesa niliwaandikia ujumbe kwamba ninalipa kwa kushurutishwa, kwamba sikubaliani na nyongeza hiyo, na kwamba nitaidai. Walijibu kwa neno moja tu, "Sawa", na neno hilo lilinisaidia baadaye kuliko karatasi zote nilizokuwa nazo, kwa sababu lilionyesha kwamba waliusoma. Vyombo vilipofika, utingo aliniletea karatasi ya kutia saini iliyosema kwamba vyote vimepokewa vikiwa salama. Nilikataa. Niliandika kwa mkono wangu, juu ya karatasi hiyo hiyo, kila kilichovunjika na kila kilichokosekana, ndipo nikatia saini, na binti yangu alikuwa anachukua video tangu turubali lilipofunguliwa.

Mahakamani kampuni haikutokea hata mara moja. Niliamuliwa nilipwe nyongeza yote na gharama za vilivyovunjika. Nilifurahi, lakini nataka mwalimu ajue kwamba ugumu ulianzia hapo. Ofisi iliyotajwa kwenye karatasi zao ilikuwa duka la kunyoa nywele, lori halikuwa lao, na nambari ya malipo ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kijana aliyedai kwamba alimwazima rafiki laini yake. Dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya aliyeshindwa kesi, angekamata nini? Aliyelipa mwisho ni mwenye lori, ambaye naye nilikuwa nimemshitaki kwa sababu dada mmoja wa masjala alinishauri hivyo, na alilipa kwa kuwa ana mali inayoonekana na inayoweza kuuzwa. Kwa hiyo ushauri wa kuwashitaki wote wawili usiuchukulie kama jambo dogo. Upekuzi wa nambari ya gari ufanye leo, kabla lori halijapata mzigo mwingine na kuondoka.

*

Mfungashaji amejibu:

Ninafanya kazi hii ya kuhamisha watu, na inaniuma kuona sote tunawekwa kapu moja na watu wa namna hiyo, kwa hiyo niruhusuni niseme yanayotuhusu.

Bei inaweza kubadilika kwa haki. Mteja anasema ghorofa ya kwanza, tunafika tunakuta ni ya nne na ngazi haipitishi kochi. Anasema lori litafika mlangoni, kumbe mtaani hapapitiki na makuli watabeba mwendo mrefu. Anatuonyesha vyumba viwili halafu siku yenyewe anafungua stoo ambayo hatukuwahi kuiona. Lakini mambo hayo yote huonekana wakati wa kupakia, vyombo vikiwa bado vya mteja na viko nyumbani kwake, naye ana uhuru wa kukataa. Anayegundua tofauti akiwa Mariakani, baada ya kuendesha karibu barabara nzima, hajagundua kitu.

Kuchanganya mizigo nako si wizi. Mteja asiye na vyombo vingi hunufaika akishiriki lori na mwingine, na hata kukodi lori linalorudi tupu si kosa. Sisi wenyewe hufanya hivyo msimu ukiwa mzito. Hapo simwafiki mzee Dereva kikamilifu, maana dalali mwaminifu yupo. Kosa ni kutomwambia mteja, na kosa kubwa zaidi ni kupanga makochi juu ya viazi. Kazi ya kweli ina orodha ya vyombo ya nakala mbili, kila kitu na hali yake, pande zote mbili zikiwa zimetia saini kabla lori halijaondoka. Ina pia bima ya mzigo ulio safarini. Watu wengi hudhani kwamba bima iliyobandikwa kwenye kioo cha lori inalinda vyombo vyao, lakini bima ya kawaida ya dhidi ya mtu wa tatu haimlipi mwenye mzigo hata kijiko. Muulize mwenye lori kama ana bima ya mzigo. Ikiwa anayo, madai yako ya friji yatapata njia fupi zaidi.

Kuhusu friji yenyewe, ukiipata usiiwashe papo hapo. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huteremkia kwenye mabomba, na ukiiwasha yakiwa huko unaimaliza wewe mwenyewe, kisha wao watasema kwamba ilifika nzima. Isimamishe siku nzima, halafu mwite fundi aiwashe mbele ya shahidi. Na makabati ya mbao za kubandika yakaguliwe chini, kwenye miguu, kwa sababu yakisimama kwenye maji hufura na hayarudi.

*

Mwalimu_wa_Bamburi ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Niliwaandikia kampuni kama Karani alivyoshauri, nikaomba pia tiketi ya mizani. Kuhusu tiketi hawakujibu neno, lakini ghafla 22,000 zimekuwa 15,000, na wametuma karatasi wanayotaka niitie saini kabla ya kuachiliwa vyombo, inayosema kwamba mgogoro umekwisha na kwamba sina madai yoyote dhidi yao sasa wala baadaye. Nilidhani kwa kuwa sheria inanilinda ninaweza kuitia saini ili nipate vyombo, kisha nikaenda mahakamani. Upekuzi wa gari nimeufanya. Mwenye lori ni mtu wa Mariakani, nimezungumza naye, na anasema akipata 20,000 zake leo, lori litavipakia vyombo na kuvileta Bamburi. Je, nikimlipa yeye badala ya kampuni, nitakuwa nimevunja mkataba?

*

Karani_wa_Zamani amejibu:

Mwalimu, karatasi hiyo usiitie saini. Ni kweli kwamba haki zinazotolewa na sheria ya watumiaji haziondolewi na kifungu kilichochomekwa katika mkataba tangu mwanzo. Lakini suluhu ambayo watu wameifikia na kuitilia saini baada ya mgogoro kuzuka ni kitu kingine, nayo inaweza kukufunga. Mwamuzi atakuuliza kwa nini ulisema umeridhika.

Kumlipa mwenye lori naona ni njia nzuri, mradi uiandike. Waarifu kampuni leo kwa ujumbe kwamba, kwa kuwa wameshindwa kumlipa msafirishaji waliyemkodi wenyewe, utamlipa 20,000 kwa niaba yao kutoka katika salio lao la 24,000, na uwape muda hadi jioni wa kupinga. Wakinyamaza, endelea. Mwenye lori akuandikie hati yenye jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, na maneno kwamba fedha hizo ni malipo ya kukamilisha safari yako. Pesa za yadi usizijadili kabisa. Wewe hukumwomba mtu akuhifadhie kitu.

*

Dereva_Mstaafu amejibu:

Naongeza la barabarani tu. Usimkabidhi 20,000 zote Miritini, na usitarajie kwamba atakubali kuzingoja zote Bamburi, maana ameshaumwa mara moja. Mpe nusu vyombo vikishapakiwa na wewe ukiwa umevihesabu, na nusu kitu cha mwisho kikiguswa na sakafu yako. Nenda asubuhi, nenda na mtu mzima mwingine, na orodha yako ya zile picha za vyumba iwe mkononi. Wewe au mwenzako apande lori hilo hilo, asifuate nyuma kwa matatu.

*

Mwalimu_wa_Bamburi ameandika tena:

Vyombo viko ndani. Mwenye lori alikuja mwenyewe, tukagawanya malipo kama mzee Dereva alivyosema, na hati ninayo. Hayakuonekana masanduku mawili, moja la vitabu na moja la sufuria, godoro limeoza upande mmoja, na kabati la chumbani limefura miguu kama Mfungashaji alivyobashiri. Friji ilisimama siku nzima. Fundi aliiwasha mbele ya jirani na haikupoza. Kampuni sasa inanitumia ujumbe kwamba ninadaiwa 4,000 na kwamba wao ndio watakaonishitaki. Nataka kufungua madai Mombasa dhidi ya wote wawili, ingawa moyo unanisuta kidogo kwa mwenye lori, kwa kuwa mwishoni alinitendea vyema. Hizo 4,000 nizilipe kwanza?

*

Karani_wa_Zamani amejibu:

Usizilipe, wala usizifiche. Zitaje wewe mwenyewe katika hati ya madai, kwamba unazishikilia kama sehemu ya salio, na uombe zikatwe katika kile utakachoamuliwa kulipwa, maana mahakama hiyo ina mamlaka ya kukatana madeni. Mwombe fundi wa friji akuandikie ripoti yenye tarehe, sahihi yake na gharama ya kuitengeneza au ya kununua nyingine ya aina hiyo. Bila karatasi hiyo dai la friji litabaki maneno. Thamani ya vitabu na sufuria iandike kwa bei unayoweza kuieleza ukiulizwa, si kwa bei ya hasira. Na kuhusu mwenye lori, mpigie simu umweleze kabla hajaipokea hati ya mahakama kwamba unamtaja kwa sababu lori lake ndilo lililobeba mali, na umuulize pia lile swali la bima ya mzigo. Ikiwa anayo, anaweza kukuletea fomu ya madai ya kampuni yake ya bima kabla hujafika masjala.